Majina ya Adabu ya Uongo: Funzo la Njia ya Misafara ya Tabora

Katika lugha ya siasa uongo hauitwi uongo. Kiongozi akisema jambo lisilo kweli, tunaambiwa kwamba "amenukuliwa vibaya", au kwamba "ulimi uliteleza". Ripoti ya uongo huitwa "taarifa yenye mapungufu". Ahadi ambayo mtoaji wake hakukusudia kuitimiza huitwa "dhamira njema". Na umma unapochoka kabisa na maneno hayo husema kwa mkato: "Hiyo ni siasa tu." Kauli hii ya mwisho ndiyo inayopaswa kumkosesha kada usingizi kuliko zote. Kwetu siasa ni mwongozo wa kujenga maisha ya umma. Mwananchi anapoitumia kama jina jingine la uongo, ujue kwamba tumepoteza silaha, na tumeipoteza kwa mikono yetu wenyewe.

Makala haya hayakusudii kufundisha adabu ya ulimi. Shabaha yake ni kuonyesha, kwa kutumia historia ya mahali pamoja, yaani Tabora na njia ya misafara iliyopita hapo, kwamba jina la adabu linalofunika uongo ni chombo cha utawala. Kila mtawala aliyepita katika njia ile alikuja na neno lake laini, na kila mara mzigo uliofichwa ndani ya neno hilo ulibebwa na mtu yule yule: mkulima, mpagazi, mvujajasho.

1. Tafsida na hila

Lazima kwanza tutenganishe mambo mawili. Kiswahili ni lugha yenye adabu. Mtu akifa twasema ametutoka. Mama akizaa twasema amejifungua. Hatusemi uongo hapo, kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua jambo lile lile. Neno laini linampunguzia mtu uchungu au aibu, wala halimnyang'anyi ukweli. Hiyo ndiyo tafsida, na ni sehemu ya utu wetu.

Hila ni jambo jingine. Katika hila, msemaji anajua jambo ambalo msikilizaji hajui, na neno laini limechaguliwa ili asijue. Kwa hiyo kada anaposikia neno la adabu katika siasa na ajiulize maswali mawili. La kwanza: Je, anayeambiwa neno hili anajua kinachofunikwa? La pili: Nani atalipa gharama ya neno hili? Mtu asiyejua ndiye atakayelipa? Basi hiyo ni hila, hata ikisemwa kwa sauti ya upole namna gani.

Ubeberu ulikuwa bingwa wa hila hii. Bunge la Uingereza halimruhusu mbunge kumwita mwenzake mwongo, na kwa sababu hiyo wabunge wake wamebuni majina mengi ya kuzungukia neno hilo. Moja linalojulikana sana lilitoka kinywani mwa Winston Churchill Februari 1906, alipokuwa naibu wa waziri wa makoloni. Suala lililokuwa mezani lilikuwa vibarua wa Kichina katika migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini, waliofungwa kwa mikataba migumu. Katika kampeni za uchaguzi chama chake cha Liberal kilikuwa kimepiga kelele kwamba huo ni utumwa. Kilipopata madaraka, Churchill alilieleza Bunge kwamba kuuita utumwa kwa maana kamili ya neno hilo kungekuwa na hatari ya kukosa usahihi wa istilahi. Waingereza walicheka, na tangu siku hiyo maneno yake yakawa jina la kiungwana la uongo. Wengi wanaukumbuka utani ule. Wachina wa migodini wamesahauliwa. Serikali ilibadili neno, na vibarua wakarudi kwenye mikataba ile ile iliyokuwa imeitwa utumwa majukwaani.

Mambo ya Transvaal yana ndugu zake hapa kwetu, na wa zamani zaidi.

2. Hongo: neno lililopinduliwa

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jingine lilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, Novemba 1857, na kukuta kituo kikubwa cha biashara. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba vilikwenda bara. Walipita pia watumwa. Lakini wengi wa waliobeba mizigo katika njia hii walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na waliojua thamani ya mabega yao.

Msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulidaiwa hongo. Ulisimama. Wajumbe walikwenda na kurudi, kiasi kilitajwa, kikakataliwa, kikatajwa tena, na mashauri yangeweza kuchukua siku kadhaa. Nguo zilihesabiwa, shanga zikapimwa. Hongo ililipwa kwa ajili ya njia, maji ya visima na usalama. Katika Ugogo, nchi ya ukame, ilikuwa nzito kwa sababu maji yalikuwa machache na misafara mikubwa ilikausha visima vya watu na mifugo. Hatusemi kwamba mfumo huo ulikuwa wa haki. Watawala wengine walijilimbikizia nguo na bunduki, wala mkulima wa kawaida hakugawiwa kila kilicholipwa. Lakini jambo moja ni dhahiri: hongo ilidaiwa mchana, hadharani, na kila mtu katika msafara, kuanzia mwenye mali hadi mpagazi wa mwisho, alijua kwamba imelipwa na kwa nini.

Leo neno hongo maana yake ni rushwa. Jina la malipo ya mchana limekuwa jina la malipo ya gizani. Tunapolitafakari badiliko hili tukumbuke kwamba maelezo mengi tuliyorithi juu ya hongo yaliandikwa na waliolipa, wala si na waliolipwa. Kwa mwenye msafara, kila alichodaiwa na mwenye nchi kilikuwa unyang'anyi. Yeye alitaka njia iwe wazi na huru, yaani huru kwake.

Mgongano huo wa masilahi ulilipuka Unyanyembe yenyewe. Mtemi Mnywa Sere, aliyeshika utawala mwishoni mwa miaka ya 1850, alitaka kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara wakubwa wa pembe waliotoka pwani. Walikataa. Kufikia 1860 hivi walikwisha kumwondoa kwa nguvu na kumweka Mkasiwa, ambaye waliona atawafaa. Mnywa Sere aliishi porini na wafuasi wake, akizishambulia njia za biashara, hadi alipouawa 1865. Mkasiwa aliitwa mtemi, na kwa mila alikuwa mtemi. Lakini jina la kiti lilibaki wakati nguvu ya kiti imehama. Hilo ni funzo la kwanza la njia hii: uongo wa kisiasa mara nyingi hauhitaji neno jipya. Huchukua neno la zamani linaloheshimiwa na kulitoa kiini chake.

3. Urafiki, hisani na ulinzi

Miaka ya 1870 na 1880 walikuja wageni wenye maneno laini zaidi. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano mjini Brussels, na huko kikaundwa chama kilichoitwa cha kimataifa kwa ajili ya Afrika. Shabaha zake zilitangazwa kuwa sayansi, ustaarabu na kukomesha biashara ya utumwa. Misafara ya chama hicho ilipita katika njia yetu hii, na mwaka 1879 ikajenga kituo Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ulaya nzima ilishangilia hisani hiyo. Kufikia 1885 hisani imekwisha kuzaa mali binafsi ya mfalme, iliyopewa jina la Dola Huru ya Kongo. Katika dola hiyo "huru" watu walilazimishwa kuleta mpira na pembe kwa bunduki na viboko, hadi kelele za dunia zilipofanya nchi itolewe mikononi mwa Leopold na kukabidhiwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Karl Peters naye alitumia neno urafiki. Novemba na Desemba 1884 alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba. Mkataba alioufanya na Mangungu wa Msovero, katika Usagara, ulikuwa wa "urafiki wa milele". Ndani ya urafiki huo Mangungu alihesabiwa kuwa ametoa nchi yake yote na haki zake zote kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani. Yapate maswali yetu mawili hapa. Je, Mangungu alijua kilichomo katika karatasi ile ya Kijerumani? Nani alilipa? Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuzitambua nchi hizo, na hati hiyo nayo ikaitwa ya ulinzi. Koloni likaitwa nchi ya ulinzi. Jeshi la kuwapiga wananchi likaitwa jeshi la ulinzi. Ulinzi dhidi ya nani? Hakuna aliyewavamia watu wa Usagara wakati huo ila mlinzi mwenyewe.

Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kutoa maki milioni 2 kwa ajili ya kupambana na biashara ya utumwa na kulinda masilahi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Angalia jinsi mambo hayo mawili yalivyofungwa katika furushi moja: la kwanza limewekwa juu ili lionekane, la pili chini ndilo lenye uzito. Fedha hizo zilimwezesha Wissmann kuajiri askari na kuyazima mapambano ya pwani yaliyoongozwa na Abushiri na Bwana Heri. Bendera ya Kijerumani ilipandishwa Tabora mwaka 1890 na Emin Pasha. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuukubali ulinzi huo. Mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892 yalishindwa kulivunja boma lake. Januari 1893, kikosi cha Tom von Prince kilipoingia ndani, Isike alililipua ghala lake la baruti kuliko kujisalimisha.

Tusimfanye Isike malaika. Alikuwa mtawala wa tabaka la juu, na utajiri wa utawala wake ulitokana na biashara ya njia ile, pamoja na uovu wake. Lakini alielewa vizuri maana ya neno ulinzi lilipoletwa na mizinga. Na utumwa, uliotajwa kuwa sababu ya yote hayo, uliisha lini kisheria? Serikali ya Wajerumani ilitoa amri mbalimbali, ikatangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, lakini hadi inaondolewa hapa nchini haikuwahi kuufuta utumwa kabisa. Ulifutwa na sheria ya mwaka 1922, chini ya Waingereza. Vita iliyopiganwa kwa jina la mtumwa ilimwacha mtumwa akingoja kwa zaidi ya miaka 30.

4. Udhamini, jaribio na usawa

Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, kisha ikaingia mikononi mwa Waingereza pamoja na sehemu kubwa ya nchi. Safari hii neno laini lilitoka kwenye Shirikisho la Mataifa: nchi zilizonyang'anywa Ujerumani zilisemwa kuwa amana takatifu ya ustaarabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili amana hiyo ikabadilishwa jina, ikawa udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mdhamini hutunza mali ya mtoto mpaka akue. Hakuna aliyemwuliza "mtoto" umri wake, wala kumwonyesha hesabu za mali yake.

Hesabu za aina hiyo zilionekana Urambo, nchi ya Mirambo, magharibi ya Tabora. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kupunguza upungufu wa mafuta ya kula huko Uingereza. Kongwa na Urambo zote ziko katika ukanda wa njia ya zamani ya misafara. Ardhi ilipondeka matrekta, mvua hazikufuata ramani ya London, na wakubwa waliendelea kutoa matumaini Bungeni. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza kiasi cha paundi milioni 36. Kilichobaki kilielezwa kuwa majaribio ya kilimo kikubwa. Mpango uliopangwa kulisha taifa ulipoanguka ulivishwa kanzu ya jaribio, na jaribio, kama ijulikanavyo, halina wa kulaumiwa.

Kisha likaja neno lililo hatari kuliko yote, kwa sababu lilikuwa zuri kuliko yote: usawa. Mwaka 1955 Gavana Twining alitengeneza Baraza la Kutunga Sheria ambamo upande usio wa serikali ulikuwa na wajumbe 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Kumi, kumi, kumi: nani angeweza kuulaumu usawa? Lakini Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu hawakuzidi sana 20,000. Kwa hesabu hiyo Mzungu mmoja alipimwa na Waafrika mamia. Uongo ulikuwa umejificha ndani ya neno lenyewe. Aliyeukataa mpango ule angeonekana anaukataa usawa. Ndivyo hila inavyofanya kazi inapofikia kilele chake: humlazimisha mnyonge kusimama kinyume cha neno analolipenda.

Hata hivyo historia ya udhamini ina upande wa pili ambao kada asiuache. Neno laini la mtawala laweza kugeuzwa likambana mwenyewe. Mdhamini amesema anatunza mali ya mtoto? Basi na aulizwe: Mtoto anakua lini? Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York mbele ya Baraza la Udhamini, akataka ielezwe waziwazi kwamba Tanganyika itaendelezwa kuwa nchi ya Kiafrika. Hakulitupa neno la mkoloni. Alilishika na kudai litoe maana. Neno la uongo likidaiwa tarehe, kiasi na jina la mhusika, huanza kutoa jasho.

5. Tabora, Januari 1958

Hapa tunafika kwenye swali gumu ambalo vijana huniuliza katika madarasa ya siasa. Januari 1958 mkutano wa TANU ulifanyika Tabora kuamua kama Chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu. Katika uchaguzi huo mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Haki ya kupiga kura nayo ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Mpango huo ulikuwa mtoto halali wa usawa wa Twining. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira na nia ya kususia. Mwalimu aliwashawishi, na mwishowe mkutano ulikubali kushiriki. Tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda chama chake, African National Congress. Kijana huuliza: Je, "busara" hapo si jina la adabu la kusalimu amri? Tofauti ya TANU na Twining ni ipi?

Tusimkemee kijana huyo. Tulipime jambo kwa maswali yale yale mawili. Je, walioambiwa walijua kinachofunikwa? Walijua kila kitu. Hakuna aliyesimama Tabora akasema kwamba kura tatu ni haki. Ubaya wake ulitajwa wazi na wote, hata na wale waliotaka kushiriki. Hoja iliyowashinda wapinzani ilikuwa hoja ya mizani: Chama kikisusa, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana, na dunia itaambiwa kwamba hao ndio wawakilishi wa umma. Gharama ililipwa na nani? Ililipwa na Chama chenyewe, kilichobeba lawama na mpasuko. Matokeo yalionekana katika duru mbili, Septemba 1958 na Februari 1959: wagombea waliopewa nguvu na TANU walishinda kote, wakiwemo Waasia na Wazungu, na mpango uliobuniwa kuwagawa watu ukawa daraja la kwenda kwenye uhuru wa 1961.

Kwa hiyo kurudi nyuma hatua moja hadharani, ukiita kurudi nyuma kwa jina lake, ni mbinu ya mapambano. Kurudi nyuma huku ukiwaambia watu kwamba mnasonga mbele ni uongo. Mwaka ule ule Mwalimu alishtakiwa kwa makala yaliyowashambulia maofisa wa wilaya katika gazeti la Chama, akahukumiwa faini ya paundi 150 au kifungo cha miezi sita. Mkoloni hakumwogopa mtu wa maneno laini. Alimwogopa mtu aliyetaja mambo kwa majina yake.

6. Ndani ya nyumba yetu

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, tukiwa upande wa kweli na mabeberu upande wa uongo. Lakini itikadi isiyojikosoa ni kasumba. Katika kijitabu Tujisahihishe cha mwaka 1962 Mwalimu aliwaonya wanachama dhidi ya tabia ya kupima hoja kwa kumtazama aliyeitoa badala ya kuitazama hoja. Na mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli siku zote. Tujiulize tumeitimiza ahadi hiyo vipi.

Katika miaka ya 1973 hadi 1976 umma ulihamishiwa vijijini. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati, maji na uzalishaji wa pamoja. Kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji vilivyozidi 7,000. Lakini msingi wa ujamaa ulikuwa hiari, na tangu Novemba 1973 kuhamia vijijini kulikuwa amri. Palipotumika nguvu, na mahali pengi ilitumika, ripoti ziliendelea kuandika kwamba wananchi "wamehamasishwa" na "wameitikia". Neno kuhamasisha lilikuwa zuri. Lilipotumiwa kufunika nyumba zilizobomolewa, liliharibika, na hadi leo kuna wazee ambao wakisikia linatamkwa huangalia mapaa yao. Mwalimu mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977 ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, alikiri makosa na upungufu mwingi katika utekelezaji. Alipokiri hivyo hakuudhoofisha ujamaa. Waliouvunja nguvu ni wale waliomletea ripoti tamu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2000 Bunge, ambalo wabunge wake wengi walikuwa wa Chama chetu, lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili ukarimu wa kawaida au wa kimila unaofanywa na mgombea kwa nia njema usihesabiwe kuwa rushwa. Tukauita takrima. Fikiri, Ndugu msomaji, safari ya maneno katika nchi hii. Hongo, iliyokuwa malipo ya hadharani, imekuwa jina la rushwa. Na rushwa, iliyo malipo ya siri, ikapewa jina la ukarimu. Aprili 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na asasi za kiraia, iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hakika, kazi hiyo ingepaswa kufanywa na sisi, katika vikao vyetu, kabla ya mahakama.

Mfano wa tatu ni wa kila siku. Katika darasa moja niliwapa washiriki zoezi: kisima cha kijiji kimekauka bomba tangu mashine iharibike, andika sentensi moja kwa ngazi ya juu. Karibu wote waliandika kwamba huduma ya maji inakabiliwa na changamoto na juhudi zinaendelea. Mmoja tu, mama aliyekuwa balozi wa shina, aliandika kwamba kisima hakitoi maji tangu mwezi wa tatu, wanawake wanachota mtoni, na kipuri kilichoahidiwa hakijaletwa. Nilipowauliza wale wengine, kijana mmoja alijibu bila kuficha: "Ukiandika hakuna maji, Mwalimu, watauliza nani alilala." Jibu lake linafundisha kuliko hotuba. Uongo wa ripoti hauzaliwi na tabia mbaya ya mtu mmoja. Huzaliwa na woga, na woga huzaliwa na ngazi inayomwadhibu mleta habari badala ya kumsaka mwenye kosa. Neno changamoto leo limemeza matatizo, uzembe na wizi, vyote katika tumbo moja, na ndani ya tumbo hilo mwizi na ukame wanafanana.

7. Kazi ya kada

Nini basi wajibu wetu? Kwanza, kila sentensi ya taarifa iwe na mtendaji. Isiandikwe kwamba fedha "zimechelewa". Iandikwe nani hakuzileta, kiasi gani, na tangu lini. Pili, taarifa yoyote inayohusu kijiji isomwe kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu maneno yanayoweza kupita ofisini hayawezi kupita mbele ya mama aliyetoka mtoni na ndoo. Tatu, kiongozi anayeletewa habari mbaya ya kweli amshukuru mletaji hadharani, ili wengine waone. Nne, tunapolazimika kurudi nyuma, tufanye kama mkutano wa Tabora: tutaje tunachokipoteza, tutaje sababu, kisha tuamue pamoja.

Wanyamwezi waliobeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo waliuinua mzigo kabla ya kukubali ujira, wala hawakutosheka na kuambiwa kwamba ni mwepesi. Umma nao una haki hiyo juu ya kila neno tunalowatwisha.